Baba mdogo hakufa kwa risasi

Jina ninalotumia ni la mtu aliyekufa vitani. Nimezaliwa 1981, vita ya Kagera imeshaisha miaka miwili, na mimi ndo nilikuwa mtoto wa kwanza wa kiume kuzaliwa nyumbani tangu baba mdogo afariki, kwa hiyo hakukuwa na cha kujadili, Bibi alishasema siku nyingi kwamba akija wa kiume ni yeye. Nimekua Bibi hajawahi kuniita mjukuu, ananiita mwanangu. Shangazi, mdogo wake marehemu, mpaka leo mvi zimemjaa ananiita kaka, na mimi naitika. Baba alikuwa mkali kweli kweli lakini fimbo zangu zilikuwa nusu ya za wenzangu, nadhani alishindwa kumchapa mdogo wake.

Sasa pamoja na heshima yote hiyo, habari za mwenye jina zilikuwa sentensi moja tu. "Alipigwa risasi Kampala siku wanaingia." Basi. Ukiuliza zaidi unaambiwa kamlete ng'ombe au kachote maji. Kulikuwa na picha moja ya studio, kasimama na shati la kola ndefu za enzi hizo, suruali bugaluu, mkono kiunoni, hacheki. Ilipigwa Singida mjini kabla hajaenda jeshini, kwa hiyo hata hiyo picha haina vita ndani yake. Sentensi moja na picha moja, huyo ndo alikuwa shujaa wetu, na shuleni nilikuwa namtumia vizuri sana kuwatishia watoto wenzangu.

Naandika haya kwa sababu nimegundua nyumba nyingi zina sentensi yao moja. "Alifia Masaka." "Hakurudi Uganda." Na siku hizi kuna nyingine mpya, "alifia Kongo." Mtu anarithishwa hiyo sentensi na yeye anawapa wanawe, kizazi cha tatu kikija hakuna tena mtu, kuna sentensi.

Tuanzie alivyoondoka, maana hapo Baba alikuwa anasimulia bila shida, ni huko mbele ndo alikuwa anakwama. Sisi kwetu ni Iramba, mkoa wa Singida, mbali kabisa na Kagera, wengi pale kijijini hata Bukoba walikuwa hawajui iko upande gani. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, wakaua watu, wakabaka, wakachoma, wakaswaga ng'ombe kwa maelfu, daraja la Kyaka likavunjwa, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote mpaka mto Kagera sasa ni ya Uganda. Baba anasema hiyo ya mpaka watu walisikia tu, ila ya ng'ombe iliwaingia, wafugaji bwana. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akatoa ile hotuba ya uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, watu wamejaa kwenye redio moja ya mwalimu wa shule, wengine wako dirishani. Baba mdogo alikuwa ameshapitia mgambo pale kijijini kama vijana wote wa vijiji vya ujamaa. Jeshi la Wananchi lilikuwa chini ya watu elfu 40 wakati vita inaanza, likaja kufika kama laki moja na nusu, na katika hao mgambo walikuwa kama elfu 40. Yani hawa hawakuwa wanajeshi wa kazi, walikuwa wakulima wa mtama na uwele waliopewa mafunzo ya haraka haraka na bunduki. Yeye alikwenda kwa lori mpaka Manyoni, treni mpaka Mwanza, meli mpaka Bukoba. Bibi alimfungia kuku wa kukaanga na asali kwenye chupa ya soda. Baba alimsindikiza mpaka lori lilipo, na anasema hawakuagana vizuri kwa sababu walikuwa wanabishana kuhusu baiskeli. Hapo ndo stori ilikuwa inakatika kila siku, kwenye baiskeli.

Alikwenda na wengine wa kata yetu. Mmoja wao alirudi, na huyo ndo mtu ninayetaka kumzungumzia zaidi. Mtaani tulimwita Koplo, japo sina hakika kama jeshini alifika huo ukoplo au walimpa watu wa kilabuni. Alikuwa fundi viatu, ana kibanda chake karibu na soko, redio imefungwa kwa mpira, mguu mmoja unachechemea. Utotoni tulikuwa tunamzunguka kumuuliza "Koplo, uliua wangapi?" na yeye anatufukuza na nyundo. Nilipokuwa sekondari nikamfuata kistaarabu, nimeshika daftari kabisa, nikamwambia shikamoo Koplo, naomba unisimulie vita. Akaniambia marahaba, vita ilikuwa mbaya, soma vitabu. Nilivyokuwa chuo nikajaribu tena na soda mkononi, hola.

Kilichomfungua hakikuwa ujanja wangu. Nilikuwa nimerudi likizo, nina buti langu la mtumba soli imeachia, nikampelekea, na wakati analishona nikasema tu, ile ya kupiga stori, "Mzee hivi za jeshini zilikuwa imara kuliko hizi?" Akasimamisha sindano. Akaniangalia. Akasema "somo yako alipewa namba kumi, mguu wake namba saba."

Akaanza. Sikumuuliza swali lingine mpaka jua linazama.

Baba mdogo alipewa buti kubwa kwa sababu saizi yake iliisha, na jeshi lile lilikwenda kwa miguu, magari yalikuwa ya mizinga na risasi na chakula, mtu anatembea. Kutoka Mutukula wanaingia Uganda mpaka Masaka yule bwana anatembea kwenye buti zinazopwaya, ameshindilia matambara na majani makavu ya migomba, jioni anavua anatoa takataka zote anazianika, wenzake wanamcheka wanamwita Godoro. Nikasikia kwa mara ya kwanza maishani kwamba mwenye jina langu alikuwa na jina la utani. Godoro! Sijui kwa nini hilo lilinigusa kuliko risasi yote ya Kampala.

Kumbe alikuwa mwigizaji. Alikuwa anaweza kumuigiza mkufunzi wao neno kwa neno, na mkufunzi siku moja akasimama nyuma yake akamsikiliza mpaka mwisho, ndipo akampa adhabu. Kumbe alikuwa hapendi matoke. Watu wa Singida wamezoea ugali wa uwele na mlenda, wakafika nchi ambayo ni ndizi asubuhi, ndizi mchana, ndizi usiku, na baba mdogo alikuwa anasema nikifa huku mniandikie kwamba nimekufa kwa ndizi. Koplo alicheka hapo mpaka akakohoa. Kumbe ile asali ya Bibi aliifikisha, akaigawa kwa kifuniko cha chupa, kila mtu kifuniko kimoja, mpaka ikaisha kule kwenye mahandaki Kagera mvua inanyesha. Bibi alikufa hajui kama asali yake ilifika wapi. Hilo linaniuma, sitadanganya.

Na kumbe alikimbia.

Hii nilikaa nayo muda kabla ya kumwambia mtu yeyote. Mwezi Machi 1979 wakiwa kwenye brigedi ya 201, ambayo wengi wao walikuwa mgambo kama wao, wakafika Lukaya, barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, upande ni matope na mafunjo. Walibya walikuwa wameshaletwa na Gaddafi kumsaidia Amin. Jioni ya tarehe 10 maroketi yakaanza kupigwa upande wao. Koplo anasema yalikuwa yanapita juu ya vichwa, hayakuwa yanawapiga wao, lakini ile sauti hawajawahi kuisikia, na nyuma ya sauti wakaona vifaru vinakuja. Watu wakatawanyika. Godoro akakimbilia kwenye mafunjo na yeye hajui kuogelea na ana buti namba kumi. Buti moja likabaki kwenye tope. Walilala huko ndani ya maji mpaka kunakaribia kucha, wamekaa kimya, wanasikia wenzao wengine pia wamekaa kimya pembeni hawajui kama ni wa kwao au ni adui.

Usiku huo huo wakubwa walikuwa wanawakusanya watu upya, na brigedi ya 208 ambayo ilikuwa imepita pembeni ikageuzwa irudi iwapige Walibya kwa upande mwingine. Alfajiri ya tarehe 11 wakarudi barabarani na hiyo siku Walibya ndo waliokimbia, na vitabu vinasema Lukaya ndipo vita ilipoamuliwa. Koplo hakusema habari ya kuamuliwa. Alisema somo yako alirudi kupigana ana buti mguu mmoja na katambuga mguu mwingine, katambuga ya tairi aliyoazimwa, na jioni alikuwa anamdai mwenye katambuga eti amemharibia mguu wakati yeye ndo alipewa msaada.

Mimi shujaa wa sentensi moja nilikuwa simwelewi. Huyu aliyekimbia kwenye mafunjo halafu asubuhi akarudi na katambuga, huyu namwelewa kabisa. Mtu mzima anayejua kinachomsubiri pale barabarani kwa sababu alikiona jana, na bado akarudi. Ukiniuliza ni yupi kati yao aliyenifundisha kitu, jibu unalo.

Nikataka kumalizia sasa, nikamuuliza Koplo kwa upole, na Kampala ilikuwaje, alipopigwa risasi. Koplo akarudisha sindano kwenye kiatu. "Risasi?" Kimya. Kisha akasema hakupigwa risasi yule. Kampala waliingia wote wawili tarehe 11 Aprili, wananchi wamejaa barabarani wanawakumbatia, wanawapa bia, wanawapa kuku, Godoro akacheza ngoma na mama mmoja mtu mzima katikati ya barabara bunduki mgongoni. Alikuja kufa wiki nyingi baadaye, vita yenyewe iko ukingoni, kwenye lori lililopinduka barabara ya kurudi Masaka, mvua, mteremko. Koplo hakuwemo kwenye hilo lori, alisikia kambini.

Na aliyeleta habari ya risasi nyumbani ni yeye Koplo. Barua ya serikali ilishafika kupitia kwa katibu kata, ilisema amefariki akiwa kazini Uganda, haina maelezo. Koplo aliporudi Bibi akamwita, akamkalisha, akamuuliza mwanangu alikufaje. "Ningemwambia lori," Koplo akaniambia, "mama angeniuliza dereva alikuwa nani, angeniuliza kwa nini mvua inanyesha wanakimbiza gari, angeuliza mpaka kaburini. Risasi haina maswali." Akanirudishia buti langu, hakutaka hela.

Nikatoka pale na mzigo. Bibi alikuwa ameshafariki. Baba yupo. Nikamwambia Baba tukiwa wawili tu, nimemsogezea kiti, nikaanza na Godoro, nikaenda na ndizi, asali, katambuga, nikamalizia na lori. Nilijiandaa kwa hasira. Baba alikaa muda mrefu akauliza kitu ambacho sikukitegemea, "kwa hiyo Kampala aliiona?" Nikamwambia aliiona, alicheza ngoma. Baba akasema, basi tumepata kama miezi miwili. Kwa hesabu yake mdogo wake alikuwa anakufa Aprili miaka yote hiyo, leo ameongezewa Aprili iliyobaki na Mei, anakunywa bia Kampala na kusumbua watu. Nikamuona Baba anafurahi, kweli anafurahi, kama mtu aliyerudishiwa chenji.

Si wote walipokea hivyo. Binamu yangu mmoja alikasirika, akasema nimemshusha marehemu, kwamba risasi ni heshima na lori ni ajali tu kama ajali za mlima Sekenke kwetu. Tulibishana sana. Nikaja kusoma hesabu inayotajwa sana, kwamba wanajeshi wa Tanzania waliokufa kwenye vita ile ni 373, na kati yao 96 ndio waliouawa kwenye mapigano yenyewe. Waliobaki ni ajali, magonjwa, mambo kama hayo. Nikamuonesha. Yani ukisema wa lori si shujaa umefuta zaidi ya nusu ya waliokufa. Na raia waliouawa Kagera wanakadiriwa kama 1,500, hao hata bunduki hawakuwa nayo. Binamu hajakubali mpaka leo ila ameacha kupiga kelele, nachukulia ni maendeleo.

Mimi naona hivi, vita inaua kwa kila kitu chake. Inaua kwa tope, kwa maji machafu, kwa dereva aliyechoka hajalala, kwa malaria. Yule mtu asingekuwa kwenye mteremko ule wa Uganda kama si vita.

Tulikuja kwenda Kaboya mimi na Shangazi. Wengi wanajua Siku ya Mashujaa ya Julai 25 kwa kuiona kwenye tivii, Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, balozi anaweka shada, viongozi wa dini wanaomba. 2013 ilifanyika Kaboya kwenyewe, na Shangazi aliiona kwenye tivii ya jirani, ndipo akajua kwamba kuna mahali, kuna makaburi, yako wilaya ya Muleba, ndani ya kambi ya jeshi. Miaka yote alikuwa anadhani kaka yake ameachwa Uganda porini. Akanipigia simu, kaka, twende ukanioneshe kaburi lako. Alivyosema hivyo mwenyewe akacheka.

Safari ya Singida mpaka Muleba si ya kitoto, tukalala Mwanza, enzi hizo daraja la Kigongo-Busisi bado, tukavuka na kivuko. Kule ni kambini, huingii tu kama sokoni, unajieleza, unasubiri, ila walivyosikia mama mzee katoka Singida kuja kumuona kaka yake walitupokea vizuri, wakatupa kijana wa kutupeleka. Makaburi yamepangwa mistari kama gwaride. Tukatafuta. Kulikuta jina lako limeandikwa kwenye kaburi ni kitu cha ajabu kidogo, mgongo ulipata baridi, nikajifanya naangalia simu.

Nilidhani Shangazi atalia. Alikaa chini, akavua viatu, akaanza kuongea Kinyiramba, anatoa ripoti. Aliyeoa, aliyeolewa, aliyekufa, ng'ombe walivyoisha mwaka wa ukame, Bibi alivyokufa na alikufa na nini, baiskeli mliyokuwa mnagombania ilikuja kuibiwa kwa hiyo wote mmekosa. Alimtajia watoto wake wote kwa majina na tabia zao. Yule kijana mwanajeshi alisimama kwa heshima zote jua linawaka mpaka ripoti ikaisha, nadhani ilipita saa. Baadaye akaniambia yeye mwenyewe ana ndugu Kongo.

Kabla ya kurudi tulikwenda mpaka Kyaka kuona lile kanisa lililopigwa mabomu, magofu yake bado yapo. Shangazi hakusema kitu pale, ila kwenye daraja aliniuliza mto huu ndo ule wa mvua na asali? Nikamwambia ndo huu.

Hiyo ya Kongo sasa. Nina rafiki tuliyesoma wote sekondari, alipita JKT akaingia jeshini, na akaenda kwenye ile brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa 2013 ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Alikuwa Kivu Kaskazini Desemba 2017, kambi nyingine, si pale Semuliki. Usiku wa tarehe 7 waasi wa ADF walipoivamia ile kambi ya Semuliki wakaua Watanzania wasiopungua 14 na kujeruhi watu zaidi ya 40, sisi tulijua kwa wasapu. Baba yangu alisubiri barua miezi. Mwaka 2017 picha zilikuwa kwenye simu kabla majina hayajatangazwa, watu wanaforwadi tu, wengine wanaweka na alama za machozi, na kuna mke wa mtu mahali anapokea hizo picha akiwa anapika. Grupu letu la darasa mtu mmoja alituma picha ya mwili. Rafiki yetu alikuwa hajajibu simu siku nzima, na mdogo wake yumo humo humo kwenye grupu. Yule dogo alipiga kelele ambayo hata kwa maandishi uliisikia. Rafiki yetu alijibu kesho yake jioni, neno moja, "nipo."

Tangu hapo mimi ukinitumia picha ya marehemu mwenye sare nakutoa kwenye simu yangu, tutaongea tukikutana. Kumbukumbu gani hiyo. Hao vijana walikuwa na watu waliowaita majina ya utani, walikuwa na chakula wasichokipenda, sasa ukimtafuta mtandaoni unaipata ile picha tu.

Rafiki alivyorudi sikumuuliza Kongo ilikuwaje. Nilikuwa nimeshasomeshwa na Koplo. Nilimuuliza mlikuwa mnakula nini, na mvua ya kule ikoje, na nani alikuwa mpishi mbaya. Tukafika mbali sana kupitia huyo mpishi. Mengine aliyoniambia si ya kuandikwa hapa, ila alinitajia wenzake watatu aliokuwa nao mji wa Beni, mmoja alikuwa anashona sare za wenzake bure, mwingine alikuwa anamdai elfu ishirini. Huyo wa deni alifia Semuliki. Rafiki yangu alipeleka ile elfu ishirini nyumbani kwa wazazi wa marehemu, hawakuelewa ni ya nini, akakaa akawaeleza, na anasema walimshikilia siku mbili hawataki aondoke, kila akisimama wanamuuliza kitu kingine kuhusu mtoto wao. Mama wa watu alimuuliza mpaka alikuwa analala upande gani.

Waliorudi ndo wenye hawa watu, na wanaisha. Jenerali Musuguri mwenyewe aliyeiongoza Divisheni ya 20 mpaka Kampala alifariki Oktoba 2024, ana miaka 104. Huyo ni mkubwa, ameandikwa. Koplo alifariki kabla yake, na kwenye msiba wake wasifu uliosomwa ulikuwa na mwaka wa kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto, ufundi viatu, na ugonjwa uliomchukua. Vita ilipewa mstari nusu. Nikaomba nafasi, nikasimama, nikaeleza habari ya katambuga. Maana nilishakuja kuambiwa na mtu mwingine kwamba yule mwenye katambuga aliyemuazima baba mdogo alikuwa ni yeye Koplo, hakuwahi kunitajia. Watoto wake walikuwa hawajui. Binti yake mkubwa alinifuata baada ya mazishi na daftari, akaniambia kaka, anza mwanzo. Nikamwambia kwanza nikuulize wewe, ule mguu aliwaambia uliumiaje? Wao waliambiwa alianguka kwenye mti.

Sasa hivi kazi yetu ni Shangazi. Haandiki, ila simu anaiweza, ananitumia voisi noti saa kumi usiku akikumbuka kitu, nyingine za dakika kumi na jogoo nyuma, mimi naziweka kwenye faili moja na nakala kwa binamu yule yule mbishi kwa sababu ndo mwenye kompyuta. Juzi katuma kwamba baba mdogo alikuwa anakoroma, na kwamba aliwahi kuposa binti wa kijiji cha pili na mahari ilishaanza kutolewa, mbuzi wawili. Hii ya posa hata Baba alikuwa haijui. Yule binti, kama yu hai, ni bibi wa watu sasa, tunaulizia kimya kimya, isijekuwa tunamharibia mtu nyumba yake.

Tumekubaliana tumjengee alama nyumbani, pembeni ya kaburi la Bibi. Ugomvi ulikuwa kwenye maneno ya kuandika. Binamu anataka "aliuawa vitani", mimi nikasema kuuawa hakuuawa, Baba anataka tarehe na tarehe kamili hatuna, barua ilishaliwa na mchwa. Shangazi akasikiliza wee, akasema andikeni jina lake na Godoro kwenye mabano, na chini muandike Kagera, Lukaya, Kampala, mwaka 1979, anayetaka kujua mengine aje aniulize nikiwa bado hai. Fundi amesema saruji mifuko miwili inatosha, nondo tunazo zilibaki kwenye choo cha Baba, tunasubiri mvua zikate ndo aanze.